Mdudu kobe: Mjue rafiki na mharibifu kabla ya kushika bomba

WAKULIMA wengi wa mboga, mikunde na nafaka wanamjua kwa sura mdudu mmoja mdogo wa duara, mwenye mgongo ulioinuka na madoa meusi juu ya rangi nyekundu, ya chungwa au ya manjano. Wapo wanaomwita mdudu kobe, kwa sababu mgongo wake mgumu unafanana na gamba la kobe, na akiguswa hukunja miguu chini ya tumbo na kutulia kana kwamba amekufa.

Hata hivyo, kumjua kwa sura ni jambo moja na kujua kazi anayoifanya shambani ni jambo jingine. Wapo wakulima ambao wakimwona tu juu ya jani lililotoboka humhesabu kuwa adui, na safari ya kwenda duka la pembejeo huanza siku hiyo hiyo. Wapo pia waliowahi kufundishwa kwamba mdudu huyo ni rafiki wa mkulima, nao humwacha astarehe hata pale anapomaliza majani ya matango na maboga.

Makundi yote mawili hupata hasara. La kwanza linanunua dawa na kuua askari wanaolilinda shamba bure. La pili linamlinda mwizi. Ukweli ni kwamba wadudu kobe si wa aina moja. Duniani kote wanasayansi wameorodhesha aina zipatazo 6,000. Nyingi kati ya hizo hula wadudu waharibifu, chache hula ukungu unaoshambulia majani, na kundi moja hula mimea yenyewe.

Habari njema ni kwamba mkulima hahitaji maabara ili kuwatenganisha. Anachohitaji ni macho, subira ya dakika chache na mazoea ya kugeuza jani na kutazama upande wa chini.

Maisha yake kwa ufupi

Mdudu kobe ni jamii ya mbawakawa. Anayeonekana na mgongo wenye madoa ni mdudu aliyekomaa. Kabla ya hapo hupitia hatua tatu ambazo wakulima wengi hawazihusishi naye kabisa: yai, buu na pupa.

Mayai huwa ya manjano au ya chungwa, marefu kidogo, na kwa aina nyingi husimama wima yakiwa yamebanana upande wa chini wa jani. Kwenye maeneo ya joto huanguliwa ndani ya siku chache. Buu linalotoka hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa, kisha hujibandika kwenye jani au shina na kuwa pupa, na hatimaye mdudu mwenye mabawa hutoka. Kwa hali ya hewa ya joto safari yote hiyo huchukua wiki tatu hadi nne hivi.

Kwa mkulima, buu ndilo la kuangaliwa zaidi. Kwa aina zinazokula wadudu, buu moja huweza kula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Mkulima anayeua mabuu kwa kudhani ni viwavi anaondoa wafanyakazi wake wenye bidii kuliko wote.

Aidha, kuna imani kwamba idadi ya madoa mgongoni huonyesha umri wa mdudu. Imani hiyo si ya kweli. Madoa hutegemea aina, na mdudu akishatoka kwenye pupa idadi ya madoa yake haiongezeki hadi kufa. Maji ya manjano yenye harufu kali anayoyatoa miguuni akishikwa nayo si sumu ya kumdhuru mkulima. Ni kinga yake dhidi ya ndege na sisimizi.

Marafiki wanaoonekana mara nyingi

Katika mashamba ya Afrika Mashariki, rafiki anayeonekana kwa urahisi ni yule ambaye wataalamu humwita Cheilomenes lunata. Ni mkubwa kiasi, urefu wake ukiwa milimita 5 hadi 7, anang'aa, na mgongo wake ni mweusi wenye mabaka ya chungwa, mekundu au ya manjano yaliyojipinda kama mwezi mwandamo. Jina lake la kitaalamu lina maana hiyo hiyo ya mwezi. Ndugu zake wa karibu wana rangi ya manjano au ya chungwa yenye mistari myeusi badala ya madoa. Hawa hupatikana kwenye kunde, pamba, mahindi, sukuma wiki na popote penye vidukari, ambao wakulima wengine huwaita wadudu mafuta.

Wa pili ni Hippodamia variegata. Huyu ni mdogo zaidi, milimita 4 hadi 5, na umbo lake limerefuka kidogo badala ya kuwa duara kamili. Rangi yake ni nyekundu au ya chungwa, na madoa yake meusi hutofautiana sana kati ya mdudu mmoja na mwingine. Wengine wana machache na wengine wana zaidi ya kumi. Kwa sababu hiyo, kuhesabu madoa peke yake hakumsaidii mkulima. Alama nzuri zaidi ni michoro myeupe kwenye sehemu iliyo kati ya kichwa na mabawa.

Kwenye mihogo, mipapai na michungwa, mkulima atakutana na wadudu kobe wadogo wasio na madoa ya kuvutia. Aina za Exochomus ni nyeusi au zenye sehemu za rangi ya kahawia, zinang'aa, na hupenda vidung'ata, yaani wale wadudu weupe wenye unga. Aina za Chilocorus ni za duara kamili kama kofia ya chuma ya mwendesha pikipiki, na hula vidugamba waliojibandika kwenye matawi, majani na matunda. Mmoja wao, Chilocorus nigritus mwenye asili ya Asia, alipelekwa visiwa vya Shelisheli mwaka 1938 kupambana na vidugamba wa minazi.

Wadogo kuliko wote ni jamii ya Scymnus, ambao urefu wao ni milimita 1 hadi 3 tu. Ni wa kahawia au weusi, na mtu asiyewatafuta anaweza kudhani ni punje za udongo. Hata hivyo kazi yao ni kubwa kwenye vidukari na vidung'ata.

Lipo pia kundi dogo ambalo halili wadudu wala majani, bali hulamba ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama vumbi unaoota juu ya majani. Mkulima akiona wadudu kobe wadogo wa manjano wakitembea juu ya jani lenye ukungu huo, wasimchanganye. Ugonjwa haukuletwa na wao. Wamefuata chakula.

Mharibifu anayevaa nguo ya rafiki

Kundi linalowachanganya wakulima ni la wadudu kobe wanaokula majani. Wataalamu huwaweka katika ukoo wa Epilachna na jamaa zake. Wanaoathirika zaidi nao ni wakulima wa matango, maboga, mamumunye na matikiti, na pia wa mimea ya ukoo wa nyanya kama bilinganya na mnavu, pamoja na nafaka.

Anayeshambulia jamii ya maboga anajulikana kama Henosepilachna elaterii. Ni mkubwa, milimita 6 hadi 8, mwenye rangi ya chungwa iliyofifia kuelekea kahawia, na kwa kawaida ana madoa meusi 12, yaani 6 kila upande. Huyu na mabuu yake hukaa upande wa chini wa jani wakikwangua nyama ya jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Baada ya siku chache ngozi hiyo hukauka na jani hubaki na mishipa tu, kama wavu uliochanika. Mche mchanga ukishambuliwa hivyo huweza kufa kabisa.

Kwenye mahindi, ngano, mtama na mpunga yupo Chnootriba similis, mwekundu wa kahawia mwenye alama nyeusi. Huyu hukwangua jani kufuata mishipa, na alama anazoziacha ni michirizi meupe iliyopangana.

Kwa wakulima wa mpunga, hasara inayoweza kuletwa na mdudu huyo ni zaidi ya michirizi. Ametajwa na watafiti miongoni mwa mbawakawa wanaoweza kubeba virusi vya ugonjwa wa manjano ya mpunga, unaojulikana kwa wakulima wengi wa Tanzania kama kimyanga. Ugonjwa huo ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, kwenye eneo la Ziwa Victoria, na baadaye ukaripotiwa katika nchi nyingi za Afrika. Mpunga ulioshikwa na kimyanga hauna dawa ya kuutibu. Mkulima wa mpunga anayemwona mdudu kobe juu ya jani lenye michirizi hana sababu ya kumfurahia.

Alama za kuwatenganisha

Wataalamu wa wadudu hupasua na kuangalia viungo kwa hadubini ili wawe na uhakika wa jina. Mkulima hahitaji kufika huko. Kinachomhusu ni kujua mdudu anakula nini, na alama zifuatazo zikitumika kwa pamoja humpa jibu mara nyingi.

Kwanza ni jani lenyewe. Kabla ya kumtazama mdudu, tazama alikokaa. Je, upande wa chini kuna vidukari, vidung'ata, vidugamba au nzi weupe? Je, kuna maganda matupu ya vidukari yaliyotawanyika? Hapo mdudu kobe yupo kazini. Kama jani halina mdudu mwingine yeyote lakini limekwanguliwa na kubaki kama kioo, mtuhumiwa ni yeye.

Pili ni mng'ao wa mgongo. Marafiki wakubwa wa vidukari, kama Cheilomenes na Hippodamia, wana mgongo laini unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Wala majani wana mgongo uliofifia, kwa sababu umefunikwa na vinyweleo vifupi sana. Ukimgeuza kwenye mwanga wa jua utaviona kama vumbi la dhahabu.

Tatu ni buu. Mabuu ya marafiki wa vidukari ni marefu, rangi yake ni nyeusi au kijivu yenye alama za chungwa au manjano, yana miguu sita mirefu na hukimbia huku na huko kama mamba wadogo wakitafuta mawindo. Mabuu ya wala majani ni mafupi, manene, ya manjano, yamejaa miiba yenye matawi, na hayana haraka. Huganda mahali pamoja yakila.

Nne ni mwendo wa aliyekomaa. Mwindaji hutembea sana, hupanda na kushuka shina, huruka akisumbuliwa. Mla majani hutulia, na akiguswa mara nyingi hujiachia na kuanguka chini.

Mayai hayasaidii sana, kwa kuwa ya makundi yote mawili ni ya manjano na hufanana. Mkulima anayekuta mayai asiyaponde hadi aone kilichopo jirani. Kama yapo karibu na kundi la vidukari, ayaache. Kama yapo chini ya jani la boga lisilo na vidukari lakini lenye alama za kukwanguliwa, hayo ni ya kuponda.

Tahadhari: alama moja haitoshi

Kila kanuni hapo juu ina wanaoivunja, na hapo ndipo wakulima wengi hukosea. Scymnus wadogo wana vinyweleo mgongoni, na vivyo hivyo jamii ya Rodolia, ambao ni wekundu na ni maadui wakubwa wa vidugamba weupe wa michungwa. Hawa ni marafiki, ingawa hawang'ai. Kanuni ya vinyweleo inafaa kwa wadudu wakubwa waliokutwa kwenye majani yaliyokwanguliwa, si kwa kila mdudu kobe.

Mabuu ya Chilocorus nayo yana miiba yenye matawi. Lakini hukutwa juu ya matawi na majani yenye vidugamba, wala hayakwangui majani.

Mtego mkubwa kuliko yote upo kwenye mihogo na mipapai. Mabuu ya Scymnus na jamaa zake kadhaa hujifunika nta nyeupe, kiasi kwamba hufanana kabisa na vidung'ata wanaowala. Mkulima akiona weupe huo hudhani mashambulizi yameongezeka, kumbe sehemu ya weupe ni walinzi. Njia ya kuwatambua ni kuwachokoa taratibu kwa kijiti. Kidung'ata hujikongoja au hubaki alipo, wakati buu huondoka kwa mwendo wa haraka. Likifutwa nta, huonekana mwili wenye miguu sita iliyo wazi na kichwa kinachojitegemea.

Mbali na hao, wapo mbawakawa ambao si wadudu kobe kabisa, lakini huhesabiwa hivyo kutokana na umbo na rangi. Kwenye maharage, hasa mwanzoni mwa mvua, hutokea mbawakawa wa majani wa jamii ya Ootheca. Ana umbo la yai, anang'aa, na rangi yake huweza kuwa ya chungwa, nyeusi au mchanganyiko wa hizo. Hutoboa majani matundu matundu, na mabuu yake hukaa ardhini yakila mizizi. Anayetumia kanuni ya mng'ao peke yake atamwita rafiki.

Tofauti ipo kwenye vipapasio. Mbawakawa wa majani ana vipapasio virefu vinavyoonekana wazi kama nyuzi mbili mbele ya kichwa. Mdudu kobe ana vipapasio vifupi sana vyenye kirungu mwishoni, na mara nyingi havionekani bila kumsogelea. Lenzi ndogo ya mkono humsaidia sana mkulima katika hili.

Adimu na wageni

Si kila mdudu kobe anayeonekana atafanana na waliotajwa. Wengine ni adimu kwa sababu chakula chao ni cha aina moja tu, au kwa sababu hukaa juu ya miti ya msituni ambako watu hawachunguzi. Wengine ni wageni walioingia karibuni.

Mgeni anayefuatiliwa zaidi duniani ni Harmonia axyridis mwenye asili ya Asia. Alipelekwa Marekani na Ulaya kwa makusudi ya kula vidukari, lakini baada ya kuzoea akaanza kula mayai na mabuu ya wadudu kobe wenyeji. Huko Uingereza alionekana mwaka 2004, na tangu hapo wenyeji kadhaa, hasa yule mwenye madoa mawili, wamepungua. Afrika Kusini alipatikana mwaka 2001, na mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa ya kupatikana kwake Zanzibar.

Ni mkubwa, milimita 5 hadi 8, na rangi zake ni nyingi mno. Wapo wekundu au wa chungwa wenye madoa mengi, wasio na doa hata moja, na weusi wenye mabaka mekundu. Alama inayosaidia kwa wale wa rangi ya chungwa ni sehemu nyeupe iliyo nyuma ya kichwa, ambayo huwa na mchoro mweusi kama herufi M au W kutegemea upande unaomtazama. Kwa mkulima mmoja mmoja mgeni huyu anaweza kuonekana kuwa mwema, maana vidukari anakula. Tatizo ni kwamba anaweza kumaliza aina nyingine zinazofanya kazi kwenye mazao na misimu ambayo yeye haiwezi.

Mfano wa thamani ya macho ya mtu wa kawaida umetoka Marekani. Mdudu kobe mwenye madoa tisa, ambaye ndiye mdudu rasmi wa jimbo la New York, alikuwa wa kawaida hadi alipoanza kutoweka katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2006 alipatikana tena katika jimbo la Virginia baada ya kutoonekana mashariki mwa nchi hiyo kwa miaka 14. Waliompata hawakuwa maprofesa. Walikuwa watoto wawili waliofundishwa kumtazama mdudu na kumlinganisha na picha.

Mkulima anayekuta mdudu kobe asiyemfahamu anaweza kufanya vivyo hivyo. Ampige picha kwa simu akiwa juu ya jani, kwa juu na kwa ubavu, pamoja na picha ya upande wa chini wa jani. Aandike zao, mahali na tarehe. Akiweza, amkusanye mmoja au wawili kwenye kichupa chenye mfuniko na kuwapeleka kwa afisa ugani. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao yake Arusha, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, wana wataalamu wa wadudu. Nchini Kenya wapo KALRO, makumbusho ya taifa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970.

Hesabu ya fedha: somo la California

Anayedhani kwamba mdudu mdogo hivi hawezi kuwa na uzito kwenye mfuko wa mkulima atazame yaliyowapata wakulima wa machungwa wa California, Marekani, katika karne ya 19.

Mdudu mweupe mwenye kifuko kama pamba, Icerya purchasi, aliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1860 kutoka Australia. Ndani ya miaka 20 alikuwa amekausha miti kiasi kwamba wakulima walianza kuing'oa na kuichoma. Dawa za wakati huo hazikufua dafu. Mwaka 1888 serikali ilimtuma mtaalamu wa wadudu, Albert Koebele, kwenda Australia kutafuta ni nani anayemla mdudu huyo nyumbani kwao. Alimpata mdudu kobe mdogo mwekundu na mweusi, Rodolia cardinalis.

Hadi Januari mwaka 1889, wadudu kobe 129 walikuwa wamefika Los Angeles. Waliachiwa kwenye mchungwa uliofunikwa kwa hema. Walizaliana, wakagawiwa kwa wakulima, na katika muda wa miezi kadhaa tatizo lililoshinda dawa lilikuwa limetulia. Inaelezwa kuwa usafirishaji wa machungwa kutoka eneo hilo ulipanda kutoka mabehewa 700 hadi 2,000 katika mwaka mmoja.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo inayowahusu zaidi wakulima wa leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, dawa ya DDT iliingia mashambani humo kwa ajili ya wadudu wengine. Iliwaua wadudu kobe, na yule mdudu mweupe aliyekuwa amesahaulika akarudi kwa kishindo. Alipungua tena pale tu dawa ilipoachwa na walinzi waliporudishwa.

Mambo kama hayo hutokea kila msimu kwenye bustani za mboga, ingawa hayaandikwi. Mkulima anapiga dawa inayoua kila kitu. Vidukari wengi hufa, na wadudu kobe hufa pia. Lakini vidukari wachache waliobaki huzaa bila kutaga mayai, na ndani ya siku chache huwa wamerudi kwa wingi. Mdudu kobe anahitaji wiki tatu au nne kufikisha kizazi kipya. Katika pengo hilo mkulima hulazimika kupiga tena, na tena. Kila bomba ni fedha ya dawa, ya maji na ya kibarua.

Wanaouza nje ya nchi wana hesabu ya ziada. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya viuatilifu, na wakulima wadogo pamoja na wafanyabiashara waliokuwa wakikusanya mazao yao walihisi makali yake. Dawa isiyopigwa haiachi masalia.

La kufanya kabla ya kupiga dawa

Mkulima anashauriwa kufunga utepe au kamba kwenye mimea kama kumi iliyotawanyika shambani, na kuikagua asubuhi, wakati wadudu bado ni wazito. Kwenye kila mmea ahesabu vidukari kwa kukadiria, na ahesabu wadudu kobe, mabuu yao na mayai. Arudie baada ya siku tatu kwenye mimea ile ile.

Kama vidukari wanapungua na mabuu yanaongezeka, kazi inafanyika na kinachotakiwa ni subira. Vidukari waliovimba na kugeuka rangi ya kahawia nao ni dalili njema, maana wameshambuliwa na nyigu wadogo sana ambao pia ni marafiki. Kama vidukari wanaongezeka na walinzi hawaonekani, mkulima aanze na njia zisizoua kila kitu, kama kung'oa majani yaliyozidiwa, kuwaponda kwa mkono au kunyunyizia maji ya sabuni kwenye sehemu zilizoshambuliwa tu. Ikibidi kutumia dawa, amwombe afisa ugani amshauri iliyo na madhara madogo kwa wadudu marafiki, na apige penye tatizo badala ya shamba zima.

Sisimizi nao waangaliwe. Hufuata utamu unaotolewa na vidukari na vidung'ata, na huwafukuza wadudu kobe ili kulinda chakula chao. Mti wenye msururu wa sisimizi shinani mara nyingi hautakuwa na walinzi wa kutosha.

Kwa upande wa wala majani, bustani ndogo ya matango au maboga huweza kuokolewa kwa mikono. Wadudu waokotwe asubuhi na kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na mayai na mabuu yapondwe chini ya majani. Baada ya mavuno, masalia ya mimea yaondolewe na matango mwitu yaliyo kando yang'olewe, kwani huko ndiko wanakosubiri msimu ujao. Wakulima wa mpunga wao wapalilie nyasi kingoni, wang'oe machipukizi yaliyobaki baada ya mavuno na miche yenye dalili za manjano, ili hata mbawakawa wakija wasipate mahali pa kuchota virusi.

Wenye maduka ya pembejeo nao wana nafasi yao. Mteja anayeingia na kuomba dawa ya wadudu wenye madoa aulizwe kwanza wamekutwa kwenye zao gani, na majani yao yana hali gani. Muuzaji anayemwambia mteja arudi shambani akageuze jani atapoteza mauzo ya chupa moja, lakini atakuwa amempata mteja atakayemwamini msimu hadi msimu.